Orodha ya Kerende Inatafuta Msomaji

Mpendwa dada Bhoke,

Ijumaa saa sita mchana natakiwa kutuma tangazo ambalo hakuna aliyelisoma ila mimi. Ungekuwepo ungenicheka, kisha ungesema, "Leta hapa." Hupo, mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na kidole changu kinasita juu ya simu.

Mimi na wewe, ndugu wa kazi si wa damu, tulikuwa watu wa uhusiano wa umma tusio na ofisi. Mradi ukitaka kuzungumza na vijiji vya Tarime au Serengeti, unatuita. Ukiisha, kila mtu anarudi kwake. Hatukuwa na bosi wa kutusahihisha wala wa kutukingia kifua. Tulikuwa na kanuni moja, uliyoitunga wewe kwenye ule mgahawa wa chapati pale Tarime mjini: tangazo halitoki mpaka mwenzako alisome akiwa amekaa kwenye kiti cha mtu ambaye litamgusa. Ulikuwa unavuta kiti, unakaza kanga, unauliza, "Leo mimi ni nani?" Nikikwambia mjane mwenye shamba la mihogo, unakuwa mjane kweli, unanigombeza mpaka wa meza ya jirani wanageuka.

Mara moja tu niliikiuka. Kwenye ule mradi wa maji wa Ringwani niliharakisha, nikapanga majina ya wenye mashamba yatakayopitiwa na bomba kwa alfabeti, kama tulivyofundishwa chuoni, nikayasoma mkutanoni. Chacha akatangulia, na kaka yake mkubwa, Mzee Marwa, akaja huko chini. Mzee akasimama.

"Huyu nilimbeba mgongoni. Leo ananitangulia kwenye karatasi yako?"

Akaondoka, na wazee wote nyuma yake. Mradi ukasimama.

Ulipanda basi kesho yake bila kuitwa. Tukaenda kwa Mzee Marwa, ukapiga goti: "Shikamoo baba. Kijana wangu huyu ana shahada, ila masikio aliyaacha chuoni. Mvumilie." Mzee akacheka bila kutaka. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, dada. Kijana!

Sasa nakuandikia kutoka Mwanza. Barabara inapanuliwa Kerende, makaburi kadhaa yatahamishwa, na tangazo linawaita ndugu za marehemu wajitokeze. Orodha ya marehemu niliyopewa ilikuwa ya alfabeti. Nimeipanga upya kwa umri, kwa kumbukumbu zangu mimi, mtu aliyeondoka kijijini hapo akiwa mtoto wa shule, ugomvi wa mipaka ulipotutoa. Mzee Marwa aliweza kusimama akalalamika. Hawa hawawezi.

Vijana wameniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp la watu wa kazi yetu wanaojitegemea. Wanapeana habari za zabuni, wanapongezana. Sijaona hata mmoja akisema, nisomeeni hii, nina wasiwasi. Nadhani wanaogopa ninachoogopa mimi: kwamba ukionyesha shaka, kazi itakwenda kwa mwingine.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nilimwandikia pembeni binti mmoja wa humo, Rhobi, ambaye bibi yake bado anaishi Kerende. Nikamweleza ile kanuni yetu, nikamtumia orodha. Nikaona nimeshajiaibisha uzeeni. Baada ya saa nzima akajibu:

"Shikamoo mzee. Nimempigia bibi nikamsomea yote. Anasema umekosea. Huyo mama uliyemweka wa mwisho alikuwa mkubwa kwa hao watatu walio juu yake. Anauliza, kakukosea nini?"

Ni mama yangu, Bhoke. Tulimzika Kerende kabla ya kuhama, na umri wake naujua kuliko wa mwingine yeyote mle. Nilimshusha mwenyewe, asije mtu akasema nimempendelea wa kwangu, na nikaita hiyo haki.

Leo nimemrudisha mahali pake, wa nne kutoka chini. Lakini kama nilikosea kwa mama, nimekosea kwa nani tena? Nimemwomba Rhobi asome tangazo zima, si orodha tu, mstari kwa mstari. Amejibu sasa hivi:

"Sawa mzee. Safari hii mimi ni nani?"

Niache niende, dada. Anasubiri jibu.

Kaka yako