Mkeka wa Katikati

Kalunde, rafiki yangu,

Udongo wa kaburi lako umetitia, nimeshauongeza mara mbili. Mumeo hajaoa. Mama mkwe wako bado yuko Goweko kwa mpwa wake, na wanawake wa kule wakimwona anakuja njiani wanashika njia nyingine. Habari yenyewe ni ya mama huyo. Usinune, nisikilize.

Unakumbuka siku ile kwenye baraza la mtemi? Vidole vyako vilikuwa vimeanza kukunjika. Ukasema, "Niliolewa mzima. Ukoma huu nimeupata nyumbani kwa mama mkwe, kaniroga." Nikaitwa mimi kuwa shahidi. Nikasema, "Kweli aliolewa mzima, tumelala pamoja tangu utoto, mwili wake naujua." Watu wakaitikia. Mama akafukuzwa siku ile ile, nami nikarudi nyumbani nikijiona nimekutetea vizuri.

Ulipofia mikononi mwangu hapa kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma, njia ya Sikonge, sikuondoka. Walinipa kazi ya kuandika wagonjwa wapya. Tulikuwa tunawauliza, "Nyumbani kwako nani anaumwa?" Mwaka huu akaja sista mpya, akasema swali hilo ni bure. Ukoma unakaa mwilini kimya masika matano, hata kumi, ndipo unajionyesha. "Usiwaulize wanaishi na nani. Waulize walilala na nani walipokuwa watoto."

Basi akaja Nyamizi kuandikwa. Baada ya mavuno akaja Mwashi. Kila mmoja kaolewa kijiji chake, hawajaonana miaka, na wote wakanijibu jibu moja: ile nyumba ya wasichana, kwa bibi yetu, tulipokuwa tunalala mstari mmoja. Nikachukua karatasi nikachora mikeka yetu. Wewe ukutani. Halafu mkeka mmoja. Halafu Nyamizi, halafu Mwashi mlangoni. Wagonjwa wote, isipokuwa mwenye mkeka ule wa pili. Wangu.

Nikamwomba sista anipime. Nikavua blauzi, nikafumba macho, nionyeshe kwa kidole kila anaponigusa mgongoni kwa unyoya. Kazi hiyo nimewafanyia wengi mwenyewe. Nikangoja. Nje mtu alikuwa anatwanga. Nikangoja weee, mwishowe nikamwambia, "Anza basi, sista."

Akasema, "Nimeshakugusa mara saba."

Baka liko chini ya bega, pana kama kiganja, limepauka. Sista anasema ni la zamani sana, huenda limelitangulia la kwako, au sote tulipata kwa mtu mwingine, hakuna wa kujua. Nadhani ananipoza kwa hilo la mtu mwingine. Maana wewe wakati wa kipupwe ulikuwa unalala umebandika uso mgongoni mwangu, nami nakuacha, ulikuwa unanipa joto. Kalunde, naogopa. Siku hizi nikikaa peke yangu, hata mchana, naisikia pumzi yako pale pale chini ya bega. Unyoya siusikii, moto siusikii, lakini pumzi yako naisikia.

Nimeanza vidonge. Binti yangu nimemtenga kitanda. Analia kila siku akiniuliza amenikosea nini, na sijui nimwambieje mtoto wa miaka minne.

Jumamosi napanda treni kwenda Goweko. Sitaingia kwa mama kwa siri. Nitakwenda kisimani wanawake wakiwa wamejaa, nigeuke, niwaonyeshe mgongo. Niwaambie ulipoingia nyumba ya mama yule ugonjwa ulikuwa umo mwilini mwako tayari, na aliyesema ulikuwa mzima ni mimi. Sikujua, lakini nilisema, na mama akafukuzwa kwa maneno yangu. Kisha nitampigia magoti. Nikirudi nitampitia mumeo, aende akamchukue mama yake.

Nakuahidi hilo, ingawa najua hulitaki. Pumzika, mwenzangu. Na kama huko uliko bado una hasira, mama mwache. Nikasirikie mimi.

Ni mimi,
Kabula