Nyuzi za Nyuma ya Kitambaa

Wanangu,

Leo mjinga ni mimi. Chakula kipo jikoni, kipasheni moto. Kitambaa cha arusi ya dada yenu, kile anachokidarizi mama kila akitoka zamu, ~~msikiguse~~ kitazameni tu. Mkasi nimeuficha. Asubuhi nilikigeuza, nikaona nyuzi zinaning'inia kwa nyuma, nikazikata zote nikidhani namsaidia. Mama yenu akakichukua, akakagua mshono mmoja mmoja. Moyo ulinishuka hadi kwenye ndala. Kumbe ncha zote alishazibana, hakuna mshono ulioachia. Nilipopumua tu, mdomo ukarudi: nikamwambia upande ule ulikuwa unatia aibu.

"Baba watoto," akasema, "ulipokuja kuniposa ulikuwa unaning'inia nyuzi kila upande. Uliniona nimeshika mkasi?"

Baba yenu