Namba Nilizokusomea Siku ya Mafuriko

Eeddo yangu Dahabo,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako huko uliko. Ni mimi Ubah, mtoto wa kaka yako, niliyekuita Eeddo nawe ukaniita Eeddo, kama ilivyo desturi yetu, shangazi na mpwa kugawana jina moja. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike na sijakuandikia hata mstari, kwa kuwa ulipokuwa hai hukupenda barua. Ulisema barua ni maneno yaliyopoa. Lakini leo nina habari ambayo nisingependa uisikie kwa watu wengine.

Hapa Garissa mwaka huu watu hawana mazungumzo ila ya mitambo. Magazeti yakifika kwa basi la mchana, ikiingia alasiri kila mwenye duka amekuwa mtaalamu. Wanasema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote za dunia zitachanganyikiwa, ndege zitaanguka, na benki zitasahau pesa za watu. Jirani yangu muuza nguo amenunua mafuta ya taa ya kumtosha miezi mitatu. Nilimwambia, "Hapa mjini kompyuta nilizoziona kwa macho yangu ni tatu, na moja imefunikwa kitambaa tangu iletwe." Akanijibu, "Basi hiyo ndiyo itakayotuua." Mimi siogopi. Kompyuta haijui mwaka wala mwezi, inajua ilichoambiwa. Aliyeiandikia alitaka kubana nafasi akaandika mwaka kwa tarakimu mbili, na mtu mwingine atakaa chini arekebishe. Kosa la mtu hurekebishwa na mtu. Hilo nilijifunza kwako, kwenye kile chumba cha mabati, mbele ya taar.

Najua wengi watakaoisoma barua hii hawakuijua taar. Ndivyo tulivyoiita redio yako ya mawasiliano, lile sanduku la kijani ulilolipata kwa ngamia wawili kutoka kwa mkimbizi mmoja aliyekuwa fundi wa redio bandarini kwao kabla ya vita. Kijijini kwetu, chini kidogo ya Modogashe, hapakuwa na simu wala kituo cha polisi. Palikuwa na kisima, maduka manne, na wewe. Waya wa antena ulitoka kwenye dirisha lako ukaenda juu ya mgunga, betri ilikuwa ya lori, na kila asubuhi baada ya chai uliketi, ukavuta shuka begani, ukaanza kuita: "Takaba, Takaba, nasikia. Banissa, ngoja zamu yako."

Hukujua kusoma. Masafa manne uliyoyatumia uliyajua kwa kuhesabu milio ya kitufe kinapozungushwa. Lakini ulikuwa na sheria, na sheria zako zilishikwa kuliko za wizara. Ugomvi wa mke na mume haupiti hewani, kwa sababu kila mwenye redio anasikia. Mtu mwenye mgonjwa hupewa zamu kabla ya mwenye mbuzi. Na kifo hakitangazwi. Mtu akifiwa, ulimwambia jamaa yake neno moja tu, "Njoo," naye akaja akaambiwa uso kwa uso, akiwa amekaa, na maji yako karibu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaajiriwa Garissa, kwenye bodi ya kuunganishia simu. Nilijivuna, nakiri. Nilikuwa na kiti cha kuzunguka na vipokea sauti vya kuvaa masikioni, nachomeka nyaya na kuuliza, "Namba gani, tafadhali?" Nilikuja likizo nikakuta redio yako imefungwa. Alikuwa amekuja afisa na karatasi, akasema redio zote za watu binafsi zisizo na leseni zifungwe kwa ajili ya usalama. Alipitisha waya mwembamba kwenye swichi akaubana kwa lakiri ya risasi. Kabla ya hapo ulikuwa umempa kikombe cha chai.

Tulibishana siku hiyo, unakumbuka. Nilikuambia serikali ina haki ya kujua nani anazungumza na nani mpakani.

"Wakitaka kujua si wasikilize?" ulisema. "Sisi hatunong'oni."

"Sheria ni sheria, Eeddo. Omba leseni."

"Nimeuliza. Leseni inaombwa Nairobi, kwa fomu ya Kiingereza, na mtu mwenye sanduku la posta. Mimi nina sanduku la nguo."

Nilicheka, wewe hukucheka. Siku hizo nilidhani unapinga tu kwa kuwa umeguswa. Sasa najua ulikuwa ukieleza kasoro ya sheria ile vizuri kuliko gazeti lolote nililolisoma. Sheria ilikuwa na maana, ila aliyeitunga hakuwahi kujiuliza mtu wa kisimani ataifikiaje.

Kisha mvua zikaja. Si mvua tuliyoizoea, ya kunyesha siku mbili na kuacha majani. Hii ilinyesha mpaka laga, ile mito yetu ya mchanga ambayo watoto huchezea mpira, ikajaa na kupasua kingo. Barabara ya Garissa ikakatika, likizo yangu ikaisha nikiwa bado kwako. Ngamia walisimama ndani ya maji wakitetemeka. Mwenye duka mmoja alibandika mlangoni tangazo alilopewa na dereva wa mwisho kupita: shirika fulani la misaada lilikuwa limeleta helikopta Garissa, na mwenye dharura aite kwenye masafa yaliyoandikwa. Ulilitazama lile tangazo, ukalibandua, ukalikunja na kulitia kwenye mfuko wa kanzu yako.

Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, alitokea dereva Hassan akiwa amejaa tope mpaka nywele. Lori lake, lililopakia mbuzi, lilikuwa limezama katikati ya laga, mwendo wa saa nne kwa miguu. Yeye alikuwa ameogelea. Abiria kumi na mmoja walikuwa juu ya mbuzi, na mbuzi wa chini walikuwa wameshakufa. Miongoni mwao alikuwamo Fatuma, mke wa mwalimu, mwenye mimba ya miezi minane.

"Maji yanapanda?" ulimwuliza.

"Yanapanda."

Uliingia chumbani, ukachukua kisu cha kuchinjia, nikakufuata. Ulinigeukia. "Toka nje. Wewe unakula mshahara wa serikali. Usione."

Ukakata ule waya. Waya ulitoa sauti ndogo kama uzi wa nguo ukikatika. Ukawasha, taa nyekundu ikawaka, ukaita Takaba. Kimya. Ukaita kwingine, kimya, maana wote walikuwa wamefungiwa kama wewe. Hapo ndipo ulipotoa tangazo mfukoni, ukalikunjua gotini, na kwa mara ya kwanza maishani nikakuona huna la kufanya. Ulikuwa umeshika namba ambazo ungeweza kuziita kama ungezijua.

Nilikuwa bado mlangoni. Ningependa kukuambia kwamba sikusita. Nilisita, Eeddo. Nilifikiria kile kiti cha kuzunguka. Nilimfikiria mama yangu anayekula kwa mshahara ule. Kisha nikaja nikapiga magoti kando yako, nikakusomea tarakimu moja moja, nawe ukazungusha kitufe, na mtu mmoja akajibu kutoka Garissa kwa sauti safi kana kwamba yuko nyuma ya pazia.

Helikopta ilifika asubuhi yake. Kumi waliletwa hai, Fatuma akiwa miongoni mwao. Wa kumi na mmoja, Mzee Ibrahim, alikuwa ameshafariki juu ya lori kwa baridi. Mwanawe alikuwa Garissa, na yule mtu wa redio alitaka kumpelekea habari ya kifo. Ulikataa. Ulisema, "Mwambie Yusuf, mwana wa Ibrahim: njoo." Redio ilikuwa ya magendo sasa, lakini sheria zako zilikuwa palepale.

Barabara ilipofunguka uliitwa, nami nikakusindikiza. Afisa alikuja kutoka Nairobi, mtu mrefu mwenye miwani, mpole kwa kweli, akaketi katika ofisi aliyoazimwa. Mkalimani alikuwa amekwama njiani, basi mimi, mtumishi wa serikali niliyejua lugha zote mbili, nikaambiwa nitafsiri.

Alikuuliza kwa Kiswahili kama ni wewe uliyevunja lakiri. Ulijibu, "Ni mimi. Mimi sifichi. Lakini sasa nitasema Kisomali. Kiswahili yangu ni ya soko, na hii maneno ni ya sheria."

Ukaeleza yote kwa Kisomali, nami nikatafsiri sentensi kwa sentensi. Lori, maji, Fatuma, kisu. Akauliza, "Namba za masafa alizipataje? Ameniambia hajui kusoma." Ulinitazama usoni ukasema polepole, "Mwambie nilikuwa peke yangu. Mwambie nilibahatisha."

Afisa akasubiri. Nilijua unachonipa. Ulikuwa umenifungulia mlango, nilichotakiwa ni kupita tu.

"Anasema alikuwa peke yake na alibahatisha," nikatafsiri. "Hiyo ndiyo tafsiri, na ni sahihi. Lakini si kweli. Namba nilimsomea mimi."

Afisa aliweka kalamu chini. "Unafahamu unachosema, dada?"

"Nafahamu."

"Na ikitokea tena?"

"Nitamsomea tena."

Aliandika kwa muda mrefu. Wewe hukuwa umeelewa kila neno, ila uso wangu uliusoma bila shida. Tulipotoka nje ulitangulia mbele yangu kama mtu asiyenijua. Nilisimamishwa kazi miezi minne. Redio ilipelekwa Nairobi. Nawe hukusema nami mwezi mzima. Uliniletea chakula, ukakiweka, ukaondoka. Siku uliyovunja kimya uliniambia, "Nilitaka kibaki kitu kimoja ambacho hakijaharibika." Nikakuambia, "Kimebaki, Eeddo. Hakuna uongo wangu ofisini." Kisha ukaniambia nisogee, ukanisuka nywele kama nilipokuwa mtoto.

Redio ilirudishwa, na leseni ikaja nayo. Sijui kama ni kwa ajili ya taarifa ya afisa yule au ni zamu tu iliyofika. Ilikuwa na jina lako kamili, na sharti kwamba kila mazungumzo yaandikwe daftarini na mwenye leseni mwenyewe. Watu walisema hiyo ni njia ya adabu ya kukunyima. Wewe ukanunua penseli. Ulikuwa na nywele nyeupe tayari, ukakaa na mke wa mwalimu, Fatuma, mwanawe mgongoni, akakufundisha tarakimu kwanza, halafu majina ya mahali. Ninalo daftari lako. Kwenye ukurasa wa kwanza umeandika Takaba mara tatu, na kila mara herufi moja imegeukia upande usio wake. Ukurasa wa ishirini hauna kosa.

Homa ilipokuchukua, redio ilinyamaza siku tatu, halafu Fatuma akaketi mahali pako. Hakutangaza. Aliniita kupitia watu wa redio hapa Garissa kwa neno lile moja, nami nikajua kabla sijafunga mkoba.

Eeddo, kuna habari sasa za simu za mkononi. Nairobi wenye nafasi wanazo, wanazivaa kiunoni kama bastola. Posta na simu zimetenganishwa, na kila mtu ana maoni. Juzi bwana mmoja wa kutoka nje aliniambia simu hizo hazitafika kwetu kamwe, kwa sababu mfugaji hana la kuzungumza. Nikamwambia aje akae siku moja kwenye bodi yangu ahesabu wanaopanga foleni tangu asubuhi kuuliza bei ya ng'ombe, mvua imenyesha wapi, na nani amejifungua. Zitafika. Nasema hivi bila kusitasita. Watu waliotundika waya juu ya mgunga na kutoa ngamia ili wasikie sauti ya ndugu hawatashindwa na simu. Swali ni kanuni zake zitaandikwa na nani, na kama atakayeziandika amewahi kuketi kwako akanywa chai.

Na hii ndiyo habari yangu. Bodi yetu itaondolewa. Unakuja mtambo unaounganisha simu wenyewe, na wenzangu wengi wameshafunga virago. Mimi niliomba nafasi ya kufundishwa ufundi wa mtambo mpya. Fomu iliuliza: je, umewahi kuadhibiwa kazini? Kama ndiyo, eleza. Wenzangu walinishauri niandike hapana, eti majalada ya zamani yameliwa na mchwa, hakuna atakayejua.

Niliandika ndiyo. Nikaeleza lori, na lakiri, na mwanamke asiyejua kusoma aliyekuwa na sheria njema kuliko zetu, na tarakimu nilizozisoma kwa sauti yangu mwenyewe. Nafasi waliyoacha ilikuwa mistari mitatu. Nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma.

Jana waliniita mafunzoni. Jumatatu napanda basi la Nairobi.

Lala kwa amani, Eeddo.

Ni mimi Eeddo wako,
binti wa kaka yako.