Uzi wa Pasi Inayovuja

Jumatatu, 3 Machi

Wamenifuta! Mimi! Fundi wa pasi za mvuke miaka ishirini na mbili, mtu ambaye mahoteli makubwa yalikuwa yanamtumia gari — haya, hoteli moja, na gari lilikuwa linapita njia hiyo hiyo — leo nafutwa kwenye jukwaa la mafundi la mtandaoni kama tope kwenye kiatu.

Niliandika sentensi nne tu. Kwenye uzi wa zamani, ule wa "Pasi ya mvuke inavuja juu ya tangi, nifanyeje?" Una miaka tisa. Kabla sijaanza likatokea boksi jekundu: uzi huu umelala muda mrefu, tafadhali usifukue makaburi, anzisha uzi mpya. Nikabonyeza Endelea. Dakika kumi, kwisha habari yangu. Na onyo juu yake.

Kaburi! Kaburi gani linatembelewa na watu mia mbili kwa wiki? Hesabu ipo palepale chini ya kichwa cha uzi: wamesoma elfu arobaini na moja na ushee. Maiti gani huyo ana wageni kunishinda mimi niliye hai?

Nimepiga meza mpaka kikombe kikaruka. Mke wangu kaniuliza nagombana na nani. Nimesema na simu. Kasema afadhali, simu haina ndugu wa kuja kutusuluhisha.

Jumanne, 4 Machi

Niandike chanzo, maana jana hasira ilinitangulia.

Jumamosi mpwa wangu, binti wa dada yangu, yule mwenye duka la dobi, alinipigia analia. Pasi yake ilikuwa inavuja kwenye valvu ya usalama — kile kidude juu ya tangi kinachopumua presha ikizidi. Hakutaka kunisumbua. Akatafuta kwenye simu, jibu la kwanza likaja la jukwaa letu. Fundi mmoja anayejiita Bingwa wa Mvuke anasema: kaza kwa skrubu na waya, itaacha kuvuja, endelea na kazi. Akakaza. Siku ya tatu valvu ikaruka, ikatoboa dari. Maji ya moto yakammwagikia mkono wa kulia, kiwiko mpaka vidole. Dakika moja kabla alikuwa ameliinamia tangi kwa uso.

"Mjomba," kaniambia, "huyo Bingwa nikimpata nampiga pasi yeye mwenyewe, na shati lake akiwa ndani."

Nikacheka naye. Nikacheka!

Jumatano, 5 Machi

Sawa. Daftari hili halisomwi na mtu. Bingwa wa Mvuke ni mimi.

Ndiyo, mimi. Jukwaa lilikuwa jipya, tunashindana nani ajibu kwanza. Niliandika: "Nimekaza pasi themanini hivi, hata moja haijalia." Themanini! Nilikaza moja. Ya kwangu. Na mwezi uleule tangi likavimba tumbo, nikaliuza chuma chakavu, nikanyamaza. Lakini laiki zilikuja mia tatu. Laiki mia tatu mtu anazirudishaje?

Basi leo nimefanya walivyotaka. Uzi mpya: HATARI, MSIKAZE VALVU. Herufi kubwa tupu. Mpaka jioni wamesoma kumi na mmoja. Wamejibu wawili. Wa kwanza: "Mzee, umepandwa na jini la pasi?" Wa pili anatangaza cherehani yake anaiuza.

Nikaufungua ule wa zamani nikatazama hesabu. Imepanda thelathini na nne toka asubuhi. Watu thelathini na wanne, leo tu, wenye pasi inayovuja. Hao hawakuja kusoma hadithi. Wanasoma bisibisi iko mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwandikia msimamizi wa jukwaa kwa faragha. Sikumtukana sana. Nilimwita karani wa makaburi, basi. Nikamwambia sheria yake imetungwa na mtu asiyejua hata nati inafungukia upande gani. Habari ya siasa ya miaka tisa imekufa, sawa, izikwe. Lakini pasi ya miaka tisa iliyopita inavuja vilevile leo, na jibu baya linaunguza vilevile!

Kajibu upesi, tena kwa adabu — hapo ndipo panauma. Kasema uzi wa kale ukifukuliwa unapanda juu, na maswali ya leo yanashuka hayaonekani. Kasema kabla ya sheria, watu hamsini kwa siku walikuwa wanafufua nyuzi za kale ili waandike "asante" na "bado ipo?" Kisha akanitumia maneno yangu mwenyewe, ya siku tuliyopiga kura ya hiyo sheria, miaka miwili nyuma: "Anayefukua makaburi afungiwe. Tumechoka kunusa maiti. Mimi Bingwa nimesema."

Nilisema. Na sababu naijua. Wiki ile kuna mtu alikuwa ameufufua uzi wangu, anauliza zile pasi themanini nilizikazia wapi, mbona yake imevimba. Sheria ikapita, swali lake likafutwa. Nilishangilia mpaka nikanunua soda kwa karakana nzima.

Nimeitupa simu kitandani. Nikaifuata. Nikaitupa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Wasomaji thelathini na tisa tangu jana.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia msimamizi basi alifute lile jibu, maana mimi siruhusiwi tena kuligusa, yaishe. Kagoma. Kasema limeshanakiliwa kwenye magrupu kila kona. Akilifuta, anayekuja kuhakikisha atakuta patupu, hakuna onyo. Ila kesho atanifungulia uzi, saa nne asubuhi mpaka saa sita mchana. Jibu moja tu. Atalibandika juu kabisa, chini ya swali, kila anayeingia aligonge.

Sharti: niandike kwa jina lilelile la Bingwa, na niseme wazi kwamba jibu la zamani ni langu na zile themanini hazikuwepo. Vinginevyo, kasema, ni fundi mmoja anabishana na mwingine, na mwenye laiki mia tatu ndiye ataaminiwa.

Mshenzi yule! Yuko sahihi, ndiyo maana ni mshenzi.

Jioni kapiga mpwa wangu. Kesho analeta pasi yake ya pili niikague. Hamwamini tena fundi yeyote. "Ni wewe tu, Mjomba."

Jumatatu, 10 Machi

Saa tano na dakika ishirini. Uzi uko wazi. Naandika huku daftarini maana kule hakuandikiki.

Nilianza: "Ndugu mafundi, ujuzi hukua…" Nikafuta. Nikaanza: "Kuna watu walinielewa vibaya…" Watu gani! Nikafuta. Mara ya tatu nikasema mwaka ule nilikuwa naumwa malaria, kichwa hakikuwa changu. Sikuumwa hata mafua.

La nne limekaa. "Bingwa wa Mvuke ni mimi. Nilidanganya. Nilikaza moja tu, na ilivimba. Aliyefunga waya aufungue leo kabla hajawasha." Halina hata sifa moja. Linanitazama kama limeandikwa na mtu nisiyemjua. Kidole juu ya Tuma.

Mpwa wangu kaingia. Bandeji mpaka vidoleni. Pasi kaibeba kwa mkono wa kushoto, kaitua juu ya benchi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama."

Kauliza mbona natoka jasho na feni inazunguka. Nikasema naandikia jukwaa, kuhusu ule uzi.

Kafurahi! "Wa yule muuaji? Mkaange, Mjomba, usimbakishe! Hebu nione umemwambiaje."

Nikasema ngoja nimalize mstari kwenye daftari. Kavuta kigoda, kakaa bega kwa bega na mimi, kanyoosha mkono ulio mzima.

Nimempa simu. Sijabonyeza.

Anasoma. Amerudi juu, anasoma upya, polepole, midomo inatembea. Saa tano na dakika thelathini na nane.