Neno Ulilotoa kwa Niaba Yangu

Sanyuanli, Guangzhou
Novemba 1998

Mdogo wangu Hamisi,

Nakusalimu, na nakuomba uipokee salamu hii hata kama sauti yangu kwenye simu huitaki. Shemeji amekwisha kupona malaria? Mama anakula vizuri? Mimi ni mzima. Baridi imeanza, nami nimenunua koti ambalo shemeji akiliona atacheka, kwa maana linanifika kwenye vifundo vya miguu.

Biashara inakwenda. Kila asubuhi naenda soko la Liuhua kutazama viatu, na wenye maduka wamekwisha kunizoea. Nikiuliza viatu vya namba kubwa hunijibu kwa Kichina "mei you", yaani hakuna, kabla sijamaliza sentensi. Miaka thelathini darasani hakuna aliyenikatiza, lakini hapa ninavumilia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nilipokuandikia barua ya uwakala, ili uzungumze na wazee wa yule tabibu kuhusu posa ya binti yangu Mwanaidi, sikuweka sharti lolote. Niliandika kwamba utakaloamua wewe nimeliamua mimi. Ukaketi nao, ukakubali posa, ukakubali pia kwamba mume atamchukua mkewe Kigoma, anakofanya kazi. Nilipopiga simu, wazee wale walikuwa bado wamo sebuleni mwako. Nikasema Kigoma ni mbali mno, sikubali, na nikakuamuru uwaambie palepale. Ukawaambia. Hii ni wiki ya tano, kila nikipiga simu naambiwa umetoka.

Juzi nilikuwa katika ofisi ya kusafirisha mizigo, nikingoja makaratasi yangu. Kando yangu aliketi Mwayalandi mmoja wa rika langu, mnunuzi wa miavuli. Aliposikia kwamba nilikuwa mwalimu, alicheka.

"Sisi tuliwahi kuongozwa na mwalimu wa hesabu," akasema kwa Kiingereza. "Walimu ni watu wa kuogopwa."

Akanisimulia habari zake. Mwalimu huyo alishika bunduki dhidi ya Waingereza, akahukumiwa kifo, akanusurika. Baadaye akafungwa tena, akatoroka gerezani kwa ufunguo ulioingizwa ndani ya keki. Ulipofika wakati wa mapatano, yeye ndiye aliyekuwa rais wao, lakini hakwenda London. Aliwatuma wenzake, akawapa mamlaka ya kutia saini, ila aliwataka wamwoneshe kwanza maandishi. Wakatia saini bila kumwonesha. Akayakataa mapatano, na watu waliokuwa upande mmoja dhidi ya Waingereza wakaanza kupigana risasi wao kwa wao.

"Kwa nini hakwenda mwenyewe?" nikamwuliza.

"Ah, hilo tunabishana mpaka leo! Babu yangu alikuwa upande wake, nduguye alikuwa upande wa waliotia saini. Nyumba zao zilipakana. Hawakusalimiana mpaka mmoja alipozikwa."

"Na mwalimu mwenyewe?"

"Alirudi kwa kura, akatawala miaka mingi, akawa tena rais mpaka uzeeni, macho yakiwa yamekwisha kabisa. Wako wanaomwona baba wa taifa. Wako ambao hata jina lake hawataki kulisikia. Mbona umekunja uso, Mwalimu?"

"Nina mdogo wangu Dar es Salaam," nikamjibu.

Hamisi, simhukumu kiongozi yule. Alibeba nchi nzima, mimi nilikuwa na posa moja. Tena yeye aliwaambia wajumbe wake wamwoneshe maandishi kwanza. Mimi hata hilo sikukutaka ulifanye. Nilikupa neno langu lote, kisha nikakupokonya mbele ya wageni. Nilikosa, na sikuandikii haya kwa unyonge. Mtu mzima akiona kosa lake hulisahihisha.

Jana nilimpigia Mwanaidi simu kumwuliza anataka nini.

"Nataka ulichokubali Baba Mdogo," akasema. "Kigoma kuna treni, Baba. Huko uliko wewe kuna nini?"

Sikumkaripia.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya pili, yenye uwakala uleule, bila sharti. Nenda kwao wewe mwenyewe, usiwaite kwako, kwa maana tuliowakosea ni sisi. Wakikubali, panga siku na wewe ndiwe utakayemwozesha Mwanaidi, nisingojwe. Wakikataa, nijulishe, nitapanda ndege nikawaombe radhi kwa mdomo wangu.

Mfikishie Mama shikamoo yangu. Msalimie shemeji, na shangazi yetu wa Ilala, aliyeniambia siku ileile kwamba nimefanya upuuzi nami nikamkatia simu. Mwambie alikuwa na haki.

Barua hiyo ya pili isome kwa sauti mbele ya wazee wao. Usiruke pale nilipoandika kwamba mdogo wangu alisema kweli, na kwamba ni mimi niliyemfanya aonekane mwongo.

Ni mimi kaka yako,
Abdalla