Mbwa Niliyeharakisha Kumuua

Maganzo, Jumanne jioni, 1954

Laiti ningemfunga kamba tu! Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alipoona alama za meno ya mbwa wangu kwenye mguu wa Mama Kulwa, jirani yangu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mbwa yuko wapi?"

Nikasema nilimuua jana palepale, kwa rungu, mbele ya Baba Kulwa, asije akadhani nampenda mbwa kuliko watu. Manyoya tuliyachoma, majivu tukampaka Mama Kulwa kwenye jeraha, tukiamini mbwa akifa sumu yake hufa naye. Mzoga nao nikauteketeza. Nikajiona muungwana.

"Alichanjwa?"

Hakuchanjwa. Bwana mifugo alipopita kuchanja, nilimficha ghalani, maana tuliambiana wanakuja kuua mbwa.

Dresa akashusha pumzi. Alisema mbwa angefungwa, akae siku kumi akiwa mzima, tungejua hana kichaa cha mbwa. Sasa hatutajua. Akaosha jeraha kwa sabuni. Sindano ya kichaa hicho hana, labda Mwanza, na lori la Mwanza limeondoka asubuhi. Jingine Ijumaa, kama halitaharibika...

Tulirudi polepole, Mama Kulwa ameniegemea. Mlangoni kwake akanishika mkono.

"Asante kwa kumuua, mwanangu. Sasa sina hofu."