Meno Kwenye Pumba

Zamda,

Naondoka na basi la Korogwe, kwa daktari wa meno. Maharage yako jikoni, yaongezee maji. Mwambie balozi wa nyumba kumi leo sitafika shamba la ujamaa. Na mume wetu akisema nimepoteza nauli bure, usimsikilize. Alitaka kunibandika daraja la meno, haya meno yangu ya bandia, kwa gundi ya matairi ya baiskeli!

Nimeandika kwa sababu kwa mdomo huu wenye pengo nisingeweza kusema.

Asubuhi nilikuwa nakugombeza kwa kuchukua ungo wangu bila kuniomba, meno yakaruka pamoja na maneno, yakaangukia kwenye pumba za kuku. Nikaziba mdomo kwa khanga, nikingoja ucheke. Hukucheka. Ulifukuza kuku, ukachukua ungo uleule, ukapepeta mpaka ukayaona. Ukayasuuza, ukanifungia kwenye leso yako. Hata jirani hakujua. Ningekuwa mimi, ningecheka mpaka Segera wasikie.

Ahsante sana, mdogo wangu.

Ule ungo ~~urudishe ukutani kwangu~~ kaa nao.

~~Bi Mkubwa~~
Dada yako, Mama Swaumu